Mwaka wa Maji ya Mkunazi

Hadija alishuka garini hapa Dodoma mwezi uliopita, ameshikwa mkono na binti yake kwa kuwa macho yake hayamfikishi mbali tena. Alitoka Tabora. Tulikuwa hatujaonana tangu ujana wetu, na watu waliokuwa wakileta salamu zake walikwisha kufa mmoja baada ya mwingine, hata nikafika mahali nikawa simuulizii tena, nisije nikajibiwa nisichotaka. Lakini nilimtambua pale pale stesheni kwa namna alivyosimama, mguu mmoja mbele, kama mtu anayetaka kuuliza bei. Nikamsogelea, akanigusa uso kwa vidole vyake, akasema, "Zaina, umekonda." Nikamwambia yeye hakukonda, tukacheka, na binti yake akatutazama kama watu wawili wasio na akili timamu.

Majirani zangu wa Majengo walimiminika kuja kumwona. Hadija amebarikiwa. Watoto wake wana maduka, mikononi ana bangili za dhahabu, na kanga aliyokuja nayo ilikuwa bado inanuka duka. Mimi nina chumba kimoja na ua wenye mkunazi. Jirani mmoja, mwanamke mwema asiyejua kuzuia ulimi, akatutazama sote wawili tukiwa mkekani, akasema, "Bi Zaina, mlianza safari pamoja. Mwenzio kapata. Wewe umepata nini?" Nilicheka, maana lilikuwa neno la kuchekwa. Ila alasiri, binti alipokwenda sokoni nasi tukabaki wawili tukipukuchua kunde, Hadija aliinamisha kichwa akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yule wa nywele, bado anakuja?" Nikamwambia anakuja. Akasema, "Na kwangu pia. Nilidhani nikihamia Tabora nitamwacha huku." Tukaendelea kupukuchua.

Mambo ya ukoo wetu Kondoa, nani alimzaa nani, nitayaacha. Wapo wanaoyajua kuliko mimi. Ninataka kuusimulia mwaka mmoja tu, mwaka reli ya Mjerumani ilipofika Dodoma, kwa sababu swali la jirani yangu halijaniondoka, na jibu lake, kama lipo, limo katika mwaka ule.

Tulifika baada ya mavuno, nyuma ya punda wa mume wake Hadija, wamebeba unga wa uwele wa kuuzia kambi ya wajenzi wa reli. Hadija alikuwa ameolewa karibuni, nami ni mtoto wa mama yake mkubwa, nikapewa kwenda naye nimsaidie kazi. Dodoma ya wakati ule si mji unaouona leo. Kulikuwa na boma juu, maduka machache, kambi ya vibarua iliyotandaa kwenye vumbi jekundu, na baina ya hayo nyumba za tembe, ndefu lakini fupi kwa kimo, paa zake za udongo zikiwa bapa hata mbuzi wanapanda. Tulipanga vyumba viwili katika tembe moja. Ndani kulikuwa giza hata mchana. Moshi haukuwa na mahali pa kutokea ila mlangoni, na udongo ulidondoka darini ukaingia chunguni. Katika nyufa za kuta walikaa papasi, wadudu wadogo wa rangi ya udongo wenyewe, na walioumwa nao walipata homa inayokuacha siku kadhaa upate matumaini, kisha inarudi. Ukuta wa kati yetu na jirani ulikuwa wa fito na udongo tu. Ukikohoa huku, wa kule anakuombea afya.

Hadija alipika uji na mikate ya uwele akauza kambini. Mimi nilibaki nyumbani nikitwanga, nikipepeta na kukanda. Alijua kuuza. Alijua nani anapenda mkate ulioungua kidogo, nani ametoka mbali anataka kuulizwa habari za kwao, na kabla mvua hazijaanza alikuwa na kanga mpya na kioo cha kujitazamia. Jioni alikuja amechoka na amejaa hadithi, tukala ugali na mlenda, naye akinihesabia wanawake wa kambini: huyu kaolewa na askari, huyu ana mtumishi, huyu mume wake kafanywa mnyapara. Nilimsikiliza nikaziona siku zangu kama maji ya kuoshea vyombo. Sikuwa na chuki naye. Nilitaka tu mtu mwingine, popote alipo, naye awe ananitaja mimi jioni mbele ya chakula.

Jirani yetu nyuma ya ukuta aliitwa Bi Sikudhani. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito. Watu walisema alipita hapa zamani katika msafara wa pwani, si kwa hiari yake, akaugua, na wenye msafara wakamwacha kando ya njia kwa kuwa hawakuona faida ya kumngojea afe. Hakufa. Wagogo walimwokota wakamnywesha maziwa, na alipopona akabaki. Alisuka vikapu, lakini kazi yake, ile aliyojulikana kwayo, ilikuwa kuosha maiti za wanawake wa Kiislamu. Mtoto akimwona alijificha nyuma ya mama yake. Watu wazima walimsalimu vizuri, kisha wakajipangusa mkono.

Siku niliyoingia katika kazi ile ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, karibu na mvua, maji yalipokuwa haba kuliko chakula. Wanawake tulichimba mchanga wa korongo tukangoja maji yajikusanye kidogo kidogo, tukayateka kwa kata. Na kisima kizuri zaidi kilikuwa cha gari la moshi, kinalindwa na askari. Asubuhi ile Hadija alikuwa amekwisha kwenda kambini. Nilikuwa kinuni nilipomwona kibarua mmoja, mtu wa magharibi, amechuchumaa mbele ya mlango wa Bi Sikudhani. Hakupiga hodi. Nikamsalimu, nikamuuliza ana shida gani. Akasema, "Mke wangu amenyamaza." Nikamwita Bi Sikudhani. Alitoka, akamtazama yule mtu, akamwuliza jina la mke wake na kama alikuwa akisali. Yule mtu akajibu yote mawili. Bi Sikudhani akasema, "Mlete hapa, kambini hakuna stara." Kisha akanigeukia mimi. Mwanamke aliyekuwa akimmiminia maji amepatwa na homa, akasema, na hawezi kusimama. "Njoo unishikie kata, mwanangu. Huna haja ya kutazama usichotaka kutazama."

Sijui kwa nini nilikubali. Labda kwa sababu aliniita mwanangu, labda kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameniomba jambo tangu nifike; kuagizwa niliagizwa sana. Tulikuwa tunatwanga majani ya mkunazi ya kutia katika maji ndipo alipoingia mtumishi wa tajiri mmoja wa duka la nguo, amevaa kanzu safi. Mke wa bwana wake alikuwa amefariki katika uzazi.

"Bwana anasema uje sasa hivi," alisema. "Punda yuko nje."

"Mungu amrehemu. Mwambie nitakuja nikimaliza hapa. Huyu kafika kabla yako."

Mtumishi akamtazama yule mtu aliyekuwa amekaa kando ya ukuta. "Huyu ni kibarua, Bi Sikudhani."

"Nimemwona."

"Bwana atakasirika."

"Na mimi nitakwenda hata akiwa amekasirika. Lakini nikimaliza."

Mtumishi akatoka akampanda punda yeye mwenyewe. Bi Sikudhani akarudi katika majani yake. Hakuonyesha fahari wala hofu. Alikuwa kama mtu aliyeulizwa njia akaelekeza.

Wenzake walimleta yule marehemu juu ya machela ya fito, wamemfunika shuka isiyotosha. Mwosha hasemi alichokiona katika mwili wa mtu, na katika maisha yangu yote sijasema. Nywele zake nazitaja kwa sababu kambi nzima iliziona alipobebwa, kichwa kiko wazi. Upande mmoja ulikuwa umesukwa, mistari myembamba iliyonyooka, kazi ya mkono hodari. Upande mwingine ulikuwa umechambuliwa tu, umesimama kama moshi. Mtu alikuwa akimsuka homa ikamrudia, au aliyemsuka aliondoka. Nilishika kata, nikaapa kutazama maji peke yake, lakini macho yalikwenda pale. Nilikuwa na umri kama wake.

Maji tuliyotumia yalikuwa maji ya Bi Sikudhani ya kupikia, aliyokuwa ameyalimbikiza mtungini. Nilimwambia kwamba sheria inaruhusu kutayamamisha maji yakikosekana, tumpitishie udongo safi. Akasema, "Yakikosekana. Haya hapa." Akamwosha polepole, kulia kisha kushoto, akisema naye: sogea kidogo, mama, samahani, mama, tumalize mkono huu. Zile nywele alizifumua zote, hata upande uliokwisha kusukwa, akaziosha, akazichana na kuzisuka upya hadi mwisho. Nje watu walikuwa wanangoja kwenye jua, na nyumba ya tajiri ilikuwa inangoja pia. Sikumwona akiharakisha kidole. Mchana ule tulikula ubuyu mkavu, kwa kuwa hapakuwa na maji ya kusongea ugali. Alikwenda kwa tajiri kwa miguu, akakuta wamekwisha kumpata mwosha mwingine, mwanamke wa upande wa madukani. Akaomba dua mlangoni, akarudi.

Kuanzia siku ile yule mwanamke wa nywele alianza kunijia. Sikuwa nimelala. Niliinama kisimani, nikainua kichwa, nikaona ng'ambo ya korongo amesimama mtu mwenye nywele nusu, nusu. Nikifumba macho kwa ajili ya jua, ameondoka. Nilimwona mlangoni mwa duka, na kila nilipomwona mwanamke kwa mgongo tu. Hakunifanyia lolote. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa angoje kidogo. Nikamweleza Bi Sikudhani tukiwa tunasuka vikapu, nikitarajia atanipa kombe la maji ya aya ninywe au hirizi nivae. Akaniuliza, "Anasema neno?" Nikasema hapana. Akasema, "Wangu wengine husema," akaendelea kusuka. Alipofunga ukingo wa kikapu akaongeza, "Nilidhani mwanzoni wamenikasirikia. Sasa naona wanakuja kwa sababu walinizoea. Waache wakae."

Niliyoyasikia nyuma ya ukuta ndiyo yaliyonitoa kwa Hadija. Nilikuwa chumbani kwa Bi Sikudhani nikichambua majani, nao, Hadija na mume wake, walikuwa kwao hawajui kwamba niko upande ule. Mume wake alisema, si kwa ukali, "Mwambie asiguse unga. Watu wameanza kuuliza mikate inakandwa na nani." Hadija akajibu, "Nitamwambia nini? Ni ndugu yangu." Mume akasema, "Basi wateja watamwambia wao." Nikasikia maji yanamiminwa. Kisha Hadija akasema, "Afue nguo. Nguo tu." Bi Sikudhani alikuwa amekaa karibu nami, na ninajua alisikia kila neno, kwa kuwa alinisogezea ungo wa majani mengine, makubwa kuliko yale, yanayotaka kazi zaidi. Jioni nilikusanya vitu vyangu nikamwambia Hadija kwamba Bi Sikudhani anahitaji mtu wa kulala naye. Alisema, "Ah, vizuri," upesi, na machozi yakamlenga. Hatukugombana. Ingekuwa afadhali tungegombana.

Mvua zilikuja, tembe likavuja, homa ikazidi. Niliosha nikiwa nyuma ya Bi Sikudhani, kisha kando yake. Mikono yangu ilijifunza kabla ya moyo. Nilijua kupima joto la maji kwa kifundo cha mkono, kukata sanda bila kupoteza kitambaa, kuinua kichwa cha mtu kama kwamba bado kinaweza kuumia. Lakini moyo ulikuwa sokoni. Nilimwona Hadija akipita na kitambaa kipya, na msichana wa kumbebea chungu. Nilimwona pia yule mwosha mwingine. Tangu alipomwosha mke wa tajiri, nyumba kubwa zote zilimwita yeye, na sikukuu alivaa kanga aliyopewa huko, yenye maua ya manjano. Sisi tuliitwa kambini, na kwa wajane, na kwa watu waliosema, "Mtusamehe, hatuna kitu." Siku moja sikuweza kujizuia.

"Umeiona kanga yake?" nilimwuliza Bi Sikudhani.

"Ya nani?"

"Ya yule mwosha wa madukani. Ingekuwa yako ile."

Aliuweka mchi chini. "Yule mke wa tajiri, alimwosha vizuri?"

"Watu wanasema alimwosha vizuri."

"Basi alhamdulillahi. Nilikuwa na wasiwasi."

Akachukua mchi akaendelea kutwanga. Nilimkasirikia kwa jibu lile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilimwona mjinga, mtu aliyeachwa njiani hata akazoea kuachwa. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, bado jibu lile linanitisha kidogo. Lilikuwa jibu la kweli. Miezi yote ile mimi nilikuwa nimebeba kanga ya manjano kifuani, na yeye alikuwa amembeba yule marehemu, akijiuliza kama walimsafisha kucha.

Wakati wa mavuno Athumani alinitaka. Alikuwa anafunga vyuma vya reli, mtu wa utani mwingi, mwenye mikono mipana, aliyekuja kununua vikapu asivyovihitaji hata chumba chake, nadhani, kilijaa. Nilimpenda. Nasema hivyo wazi kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumwudhi. Alikuja mchana mmoja, akakaa nje kwa heshima, Bi Sikudhani akatuachia kivuli cha ukuta akaingia ndani.

"Kambi itahama," alisema. "Reli inakwenda Tabora, nami nitakwenda nayo. Nataka twende wote. Ila kazi hii uiache huku."

"Kwa nini?"

"Mama yangu yuko Tabora. Hatakula mikononi mwako akijua."

"Na wewe?"

Alitazama mikono yangu, na haikuwa kwa ubaya. Akasema, "Nitazoea."

Hakukosea. Alisema ukweli, tena kwa upole, na wanaume wengi wasingefika hata hapo. Lakini neno lile lilikaa nami. Nilikuwa nimeosha wanawake ambao waume zao waliwazoea, wengine kwa jinsi walivyozoea kelele za punda. Nilimwambia anipe nafasi nifikiri, akasema kambi haitaondoka kesho.

Kisha ukaja msimu wa baridi, na upepo wa Dodoma usio na mti wa kuuzuia. Bi Sikudhani alipata kifua. Alilala karibu na moto, akitoa pumzi kama mtu anayepanda kilima, nami nikimpa uji kwa kijiko. Hadija aliusikia kikohozi kile nyuma ya ukuta, akawa anapitisha maziwa mlangoni, ananipa, anaondoka. Asubuhi moja Bi Sikudhani aliniuliza kama mkunazi wa korongoni bado una majani. Nikasema unayo. Akasema, "Usichukue ya chini, punda huyalamba." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia yenye kueleweka. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametulia.

Watu husema mwosha huoshwa, na mimi nilikuwa nimelisikia neno lile mara nyingi bila kuliona. Sasa lilikuwa limelala mbele yangu. Nilichuma majani ya juu, nikayatwanga, nikatia maji motoni, na nilipotaka kuanza nikatambua kwamba sina wa kunishikia kata. Yule mwosha wa madukani alikuwa safarini. Nilisimama tu. Ndipo Hadija akaingia. Alikuwa amevua kanga zake zote nzuri amevaa kaniki, na amefunga mikono ya gauni juu ya viwiko. Mlangoni alisita, kisha akaja hadi penye maji. Akasema, "Nionyeshe nishike wapi."

Tulimwosha. Tulipomgeuza, tuliona mgongoni mwake jambo ambalo hakuwa amewahi kumwambia mtu, la siku zile za msafara. Hadija aliacha kumimina, nami nikamtazama, na hapo nikamfundisha sheria ya kwanza ya kazi bila kufungua mdomo. Hajaisema hadi leo. Nami siisemi.

Tulipofika kichwani, nywele za Bi Sikudhani zilikuwa nyeupe na chache. Nilizichana nikaanza kuzigawa. Hadija akanishika mkono.

"Nisuke mimi," alisema.

"Unaweza?"

"Zaina, yule wa kambini ni mimi niliyekuwa ninamsuka." Aliyasema akitazama zile nywele, hakunitazama. "Alikuwa ananunua uji kila asubuhi, akaniomba. Nikafika nusu, wakaja wateja wengi, nikamwambia angoje kidogo, ninarudi. Nikauza mpaka jua likawa kali. Niliporudi alikuwa na homa, hataki kuguswa. Nikasema kesho. Namwona, Zaina. Namwona kila ninapofunga hesabu ya siku."

Nilimwambia kwamba nami ninamwona. Akaniangalia kwa namna ambayo hakuwa ameniangalia tangu tulipoondoka Kondoa, akakaa chini, akakipakata kile kichwa, akakisuka. Alichukua muda mrefu. Wateja walimwita nje kwa jina, mmoja akagonga ukuta, na mume wake akaja akasimama mlangoni, akaondoka. Hadija hakuinua uso mpaka alipofunga ncha ya mwisho. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizopata kuziona katika kichwa cha mtu, hai au maiti, na ilifunikwa na sanda papo hapo.

Siku chache baadaye kambi ilianza kufunga mizigo. Hadija alinibembeleza. "Twende Tabora," alisema. "Utakaa kwangu, utakanda mkate, mwenye kusema na aseme. Huku utabaki na nani?" Athumani alikuja tena, nikamjibu. Nilimwambia kwamba sitaki azoee. Alidhani nimekasirika, na hakuna njia niliyoipata ya kumweleza. Nilikuwa na hofu kubwa. Nilijihesabu: sina mume, sina mtoto, nina chumba cha tembe na mtungi wa marehemu. Nikajipima na Hadija, nikajipima na wasichana tuliokua nao, hata na yule mwosha mwenye kanga ya manjano, na kila kipimo kilinirudisha mikono mitupu. Hadija aliponiaga alisema watapanda gari la vifaa asubuhi, katika behewa lisilo na paa, naye atanipungia kanga. "Toka njiani unitazame," aliniomba. "Ahadi?" Nikampa ahadi. Nilipanga kukimbia kando ya reli hadi pumzi iishe. Na nasema kweli, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa imepanga kwamba gari likienda polepole, nitadandia.

Asubuhi ile kabla sijatoka, alikuja mke wa mpishi mmoja. Hodi yake ilikuwa kama ya mtu anayegonga kwa kiwiko. Nilifungua. Akasema, "Wameniambia mwosha anakaa hapa." Nilitaka kusema mwosha amekufa. Badala yake nilimwuliza nani. Ni binti yake, akasema, amekwenda na homa alfajiri.

Nilikwenda nikiwa na nia ya kufanya upesi. Kwao hapakuwa mbali na reli, na nilifikiri nikimaliza mapema nitawahi. Mama mwenyewe alinishikia kata. Nilianza haraka kweli, maji ya kwanza, maji ya mkunazi, na huku sikio langu liko nje. Kisha nikafika miguuni. Msichana yule alikuwa mteka maji. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi, na ndani ya kila ufa kulikuwa na tope jekundu la korongo, limekauka. Nikamimina, halikutoka. Nikachukua kijiti, nikakifunga kitambaa, nikalilowesha, nikaanza ufa wa kwanza. Lilikuwa linatoka kidogo kidogo. Mama yake aliniuliza kama inawezekana kuliacha. Nikamwambia, "Haya hapa maji," nikaendelea, kidole kwa kidole, nikisema naye yule binti taratibu, sijui nilimwambia nini. Nilifikia kisigino cha pili. Nyayo zikawa safi, za rangi ya ndani ya mkono, kama za mtoto asiyejua kutembea. Ndipo nikanyoosha mgongo, nikakumbuka.

"Gari la moshi bado halijapita?" nilimwuliza mama yake.

Aliacha kata akanitazama. "Limepita zamani," alisema. "Lilipiga honi mpaka mbuzi wakakata kamba. Watu walikuwa wanaimba juu yake. Hukusikia?"

"Sikusikia," nilisema, nikamwomba anisogezee kafuri ya maji ya mwisho.